Mchezo Mfupi, Historia Ndefu

Leo hakuna video. Nimejaribu kurekodi hii kitu mara tatu na kila mara inatoka ndefu kuliko vile mnapenda, kwa hivyo nimeamua kuiandika. Mwenye haraka arudi jioni.

Wacha nianze na mtungi.

Nikiwa kidato cha tatu, kikundi chetu cha drama kilikuwa na mchezo kuhusu kisima. Mheshimiwa anakuja kijijini kufungua kisima alichoahidi wakati wa kampeni, akina mama wanaimba, utepe unakatwa, na kisima hakina maji. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Mimi nilikuwa mzee wa mtaa. Nilipakwa unga wa ngano kichwani ndio mvi zionekane, na koti nililovaa lilikuwa la mwalimu wa Hesabu. Mheshimiwa alikuwa na mto wa kulalia ndani ya shati. Kama umewahi kuwa kwa drama unaijua hiyo mito na huo unga. Ni kama kila shule Kenya hii ilipewa orodha moja ya vifaa.

Kulikuwa na msichana mmoja, tumwite Mtoto kwa sababu ndiyo sehemu aliyoigiza, ambaye alisimama jukwaani mchezo mzima na mtungi wa lita 20. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na mstari mmoja tu wa maana, karibu na mwisho, ambapo anamsongea mheshimiwa na kumwambia, "Weka sikio hapa, usikie maji yako." Sote tulijua huo ndio moyo wa mchezo. Siku mbili kabla ya mashindano, mstari ukafutwa. Tuliambiwa kuna mgeni wa heshima atakuja na hatutaki adhani ni yeye. Kalamu nyekundu, kwisha.

Siku yenyewe Mtoto alifika pale kwa mstari wake akanyamaza, kama alivyoagizwa. Kisha akafungua kifuniko, akaugeuza mtungi juu chini mbele ya viatu vya mheshimiwa, akangoja. Hakuna kilichotoka. Ukumbi ulicheka kwanza, halafu kicheko kikafa kidogo kidogo mpaka ukasikia feni. Sijawahi kusikia ukumbi uliojaa wanafunzi ukinyamaza hivyo. Mgeni wa heshima, kwa taarifa yako, hakuja. Na hatukupita, tulikuwa wa nne.

Nimekuwa nikiukumbuka huo mtungi sana tangu Aprili 2025, na mkumbuke mwezi huo mlikuwa wapi kwa sababu nitaurudia. Swali langu ni rahisi. Mchezo wa nusu saa, wa watoto wa shule, wenye mto tumboni na unga kichwani, una nini mpaka mtu mzima ofisini akose usingizi? Nilidhani ni swali la juzi. Nilipoanza kusoma nikapata ni swali la zamani kuliko wazazi wangu.

Ukiuliza historia ya tamthilia Kenya, wengi watakuonyesha jengo. Kenya National Theatre, mkabala na Hoteli ya Norfolk, ilifunguliwa 1952. Angalia huo mwaka vizuri. Ni mwaka ule ule, Oktoba 20, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Jengo la "taifa" lilifunguliwa taifa lenyewe likiwa linafungwa. Wazungu wa Nairobi walikuwa na tamthilia zao kutoka London, na Mwafrika akiingia, mara nyingi aliingia kufagia.

Lakini wakati huo huo, kilomita chache tu kutoka mjini, Alliance High School pale Kikuyu, vijana walikuwa wanaandika michezo kwa Kiswahili. Shule yenyewe, chini ya Carey Francis, ilikuwa inajulikana kwa Shakespeare ya kila mwaka, kwa Kiingereza, na maleba yote. Hiyo ndiyo iliyokuwa drama rasmi. Halafu kando yake kukawa na hii nyingine. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini. Kimani Nyoike akaandika Maisha ni Nini. B. M. Kurutu akaandika Atakiwa na Polisi. Baadaye Gerishon Ngugi, msimchanganye na yule mwingine, akatoa Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Soma tena hivyo vichwa polepole. Manze, si hizo ni status za WhatsApp? Nakupenda, lakini. Maisha ni nini. Nimelogwa nisiwe na mpenzi. Kijana wa miaka ya 1950 alikuwa na shida zako zile zile, ila yeye alikuwa na jukwaa mahali pa simu.

Sisemi ilikuwa michezo ya siasa. Lakini fikiria kumsikia mtu akitamka maneno "atakiwa na polisi" katikati ya Hali ya Hatari, Kiambu, ambapo Aprili 1954 watu walizolewa Nairobi kwa maelfu kwa ile operesheni ya Anvil wakapelekwa kizuizini. Hayo maneno hayakuhitaji kuelezwa na mtu. Ndani ya ukumbi huo lazima kulikuwa na vijana ambao kaka zao walikuwa wanatakiwa na polisi kweli kweli.

Mmoja wa waliosoma Alliance miaka hiyo, kutoka 1955 hadi 1958, alikuwa kijana wa Limuru ambaye kakake alikuwa ameingia msituni. Huyo ndiye Ngũgĩ wa Thiong'o. Najua unamjua kwa riwaya, na kama wewe ni kama mimi ulimjua kwanza kwa ile habari ya Nobel aliyokuwa akitarajiwa kupewa kila Oktoba na hakupewa mpaka akafa Mei 2025. Mimi nataka nikueleze habari ya mchezo wake mmoja mfupi ambao hauzungumziwi sana.

Ngũgĩ alienda Makerere. Huko mabweni yalikuwa yanashindana kwa michezo mifupi, na yeye akaandika mmoja unaoitwa The Wound in the Heart. Hadithi yake ni ya mpiganaji wa Mau Mau anayerudi nyumbani kutoka kizuizini. Amevumilia yote kwa sababu anajua mke wake anamngoja. Anafika na kuambiwa kwamba alipokuwa ndani, ofisa Mwingereza alimbaka huyo mke. Ni hiyo tu. Hakuna vita jukwaani, hakuna bunduki. Kuna mlango wa nyumba na mtu anayekaribia.

Mchezo ulishinda. Na kwa desturi, mchezo ulioshinda ulikuwa unapelekwa Kampala National Theatre. Huu haukupelekwa. Sababu iliyomfikia Ngũgĩ, kama alivyosimulia miaka zaidi ya 50 baadaye kwenye kumbukumbu zake, ilikuwa kwamba ofisa Mwingereza hawezi kufanya kitendo kama hicho. Yaani hawakusema mchezo ni mbaya, wala haujaandikwa vizuri. Walisema kitu kama hicho hakiwezekani. Mwaka ni 1962, Kenya ambapo watu walikuwa bado wana majeraha mwilini.

Na hapa ndipo kuna ucheshi mchungu. Novemba ya mwaka huo huo, jukwaa lile lile la Kampala lilimpokea Ngũgĩ kwa mikono miwili na mchezo wake mrefu, The Black Hermit, kusherehekea uhuru wa Uganda. Mchezo mrefu ukapigiwa makofi na ule mfupi ukabaki mlangoni. Mimi nadhani, na hii ni maoni yangu usiende kuiandika kwa mtihani, kwamba ufupi wenyewe ulikuwa sehemu ya kosa. Mchezo mrefu una mahali pa kupumzikia. Kuna onyesho la mapenzi, kuna wimbo, kuna mzee mlevi wa kuchekesha, na mtu asiyetaka kusikia jambo fulani anaweza kulisahau kabla ya mapumziko. Mchezo mfupi hauna mapumziko. Unakuja na jambo moja na unakaa nalo hapo hapo mpaka taa zizimwe.

Ukitaka kuona vizuri vile hii inafanya kazi, tafuta This Time Tomorrow, mchezo mwingine mfupi wa Ngũgĩ uliochapishwa Nairobi 1970 pamoja na ule wa jeraha. Unafanyika Nairobi, kwa mtaa wa mabanda. Kuna mama anaitwa Njango anayeuza supu kwa wafanyakazi. Kuna binti yake Wanjiro ambaye anataka maisha mengine na anapendana na dereva wa teksi. Na kuna baraza la jiji ambalo limesema mabanda yote yaondoke, kwa sababu jiji lazima lipendeze. Tingatinga zinakuja. Mpiganaji wa zamani wa uhuru anajaribu kuwaamsha watu wasikubali, anakamatwa. Binti anaondoka na mpenzi wake. Mama anabaki na sufuria.

Nilisoma huo mchezo kwa matatu, nikitoka tao, dakika kama arobaini hivi na jam ikiwemo. Nilipofika mwisho nikaangalia nje ya dirisha nikaona vibanda vya Barabara ya Jogoo na nikahisi vibaya. Mwaka 2021 nyumba zilibomolewa Mukuru kwa Njenga. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, wakabomoa tena kando ya mito. Kila mara kuna mama na sufuria. Mchezo una zaidi ya nusu karne na bado unaweza kuuigiza kesho bila kubadilisha chochote isipokuwa nauli.

Enzi hiyo michezo mifupi ilikuwa imeenea kwa sababu za kawaida kabisa, wala si za kisanaa. Kuanzia 1965 wanafunzi wa Makerere walikuwa na kikundi cha kusafiri, wakizunguka Uganda na Kenya kwa gari, wakiigiza bure shuleni na sokoni, kwa Kiingereza na kwa lugha zetu pamoja na Kiswahili. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha chake 1974. Sasa fikiria wewe ndiye umebeba jukwaa. Huna taa, huna pazia, umefika sokoni saa tisa na jua litazama saa kumi na mbili na nusu. Watu wamesimama. Mama ana mboga za kuuza. Utamwekea mchezo wa saa tatu? Unampa vitatu vifupi, kimoja cha kuchekesha, kimoja cha kuumiza, na kingine cha kuchekesha ndio arudi nyumbani. Ufupi ulitoka kwa jua na mboga.

Mmoja wa michezo ya miaka hiyo ni The Exodus wa Tom Omara wa Uganda, uliotoka kwenye mkusanyiko wa michezo mifupi ya Afrika Mashariki mwaka 1968. Wajaluo wanaosoma hii mtaitambua hadithi hata kabla nimalize. Ni ile ya ndugu wawili. Mmoja anachukua mkuki wa mwenzake, anamchoma ndovu, ndovu anatoroka na mkuki, na mwenye mkuki anakataa kulipwa mwingine. Anataka ule ule. Baadaye mtoto wa huyo mwenye mkuki anameza ushanga wa yule ndugu mwingine, naye pia anakataa kulipwa mwingine. Anataka ule ule. Ushanga uko tumboni mwa mtoto. Hebu fikiria hiyo ikiwa mbele yako, si kwa kitabu, watu wawili uliokuwa ukicheka nao dakika kumi zilizopita. Babu zetu walieleza kwa hadithi hiyo kwa nini watu wa damu moja waliachana kwenye mto Naili. Omara alichofanya ni kuona kwamba hadithi ya jioni tayari ilikuwa na umbo la mchezo mfupi: vitu viwili, mkuki na ushanga, na neno moja, "ule ule".

Kwa Kiswahili kazi hiyo aliifanya vizuri sana Ebrahim Hussein wa Tanzania. Shule zetu zinamjua kwa Kinjeketile ya 1969, lakini kabla ya hapo alikuwa ameandika Wakati Ukuta, kuhusu Tatu, msichana anayetaka kutoka na mpenzi wake Swai, na mama yake hataki. Kwa kuanza ni ugomvi tu wa nyumbani, ule unaoujua. Mama anasema hiki, binti anasema kile, baba amekwama katikati. Jina limetoka kwa methali ile kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Ukisikia jina unadhani Hussein anamwonya mama. Ukiendelea unaanza kuona hata Tatu ana ukuta wake mbele. Napenda kwamba hamchagulii mshindi. Mimi niliusoma nikiwa upande wa Tatu asilimia mia. Juzi niliusoma tena nikajipata namwonea mama huruma, na nikajua nimezeeka.

Sasa turudi kwa mto na unga.

Tamasha za drama za shule zilianza Kenya mwaka 1959, bado tukiwa koloni, na miaka ya kwanza zilikuwa za shule za Wazungu hasa. Baada ya uhuru zikabadilika polepole. Kiswahili kikaingia, hadithi zetu zikaingia, ngoma na mashairi ya kukariri kwa kikundi yakaingia. Zikatoka kwa jiji zikaenda mikoani. Leo hakuna kitu kingine Kenya kinachotoa michezo mifupi mipya kwa wingi kama hizo tamasha. Kila mwaka, kuanzia ngazi za chini mpaka taifa, shule kwa mamia zinapanda jukwaani na kitu ambacho mwaka jana hakikuwepo. Na kila mchezo una jaji mwenye saa mkononi. Ukipitisha muda, pole. Kwa hivyo kizazi kizima cha waandishi wetu kilijifunza kuandika kwa kipimo hicho, wengi wao wakiwa walimu wanaoandika usiku baada ya kusahihisha vitabu.

Katikati hapo kuna sehemu ya historia ambayo mnaijua, nitaipita mbio. Mwaka 1977 Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji wa Kamiriithu, ikachezwa kwa wiki sita hivi, ikafungwa Novemba, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini siku ya mwisho ya mwaka huo. Mwaka 1982 jukwaa la Kamiriithu likabomolewa, na mwaka huo huo Alamin Mazrui, aliyeandika Kilio cha Haki, naye akazuiliwa bila kushtakiwa. Hiyo ilikuwa michezo mirefu. Lakini funzo lake lilishuka mpaka kwa walimu wa drama: ukitaka kusema kitu, kiseme kwa nchi ya kubuni, kwa jina la kubuni, na umalize haraka.

Ndio maana michezo ya shule imejaa falme zisizo kwenye ramani. Watu hudhani ni uvivu wa kuwaza. Hiyo ni mbinu ya kujikinga iliyorithiwa.

Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere ilikuwa na Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala, kuhusu nchi ya kubuni ambapo utajiri wa mafuta na nafasi za kazi zinaliwa na watu wa kabila moja. Ukapigwa marufuku kufika kiwango cha taifa. Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na ni vizuri ujue kwamba Omtatah kabla ya kuwa mtu wa kesi alikuwa mwandishi wa tamthilia, ndiye aliyeandika Lwanda Magere. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Wasichana wakapanda jukwaani.

Ungedhani hapo jambo limeisha. Miaka 12 baadaye, shule ile ile, mwandishi yule yule, mchezo mwingine: Echoes of War. Nchi ya kubuni tena, inayojaribu kusimama baada ya vita, na vijana wenye simu wanaohoji wanavyotawaliwa. Baada ya Juni 2024 hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa hiyo ni nchi gani. Mchezo ukaondolewa, Mahakama Kuu ikaamuru urudishwe. Usiku wa kuamkia siku ya kuucheza Nakuru, Malala akakamatwa. Nje ya ukumbi polisi walirusha vitoa machozi. Asubuhi ya Aprili 10, 2025, wasichana waliingia ukumbini, bila mwelekezi wao na bila watazamaji wa maana, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Nimeitazama hiyo klipu mara nyingi sana. Watu walisema hawakucheza. Mimi nasema walicheza, tena mchezo mfupi kuliko yote niliyowahi kuona. Ulikuwa na waigizaji, ukumbi, wimbo unaojulikana na kila mtu, na kutoka. Aliyewafunza jukwaa alikuwa amewafunza vizuri, maana walijua kwamba ukinyimwa maneno bado una mwili na bado una mtungi.

Sasa lalamiko langu, na najua baadhi yenu hamtalipenda.

Tunaijua michezo hii kwa sababu ilizuiliwa. Taja mchezo mmoja wa tamasha za mwaka 2013 mbali na ule wa Butere. Taja mmoja wa 2016. Mimi mwenyewe siwezi, na nilikuwa kwa drama! Uliopata ushindi haukupigwa marufuku, kwa hivyo haukuandikwa kwenye gazeti, kwa hivyo haupo. Tamthilia ndefu zina bahati ya KCSE. Kigogo ya Pauline Kea, Mstahiki Meya na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, hizo zitadumu kwa sababu wizara ilizichagua na kila mtoto alinunua nakala, hata kama wengine walisoma mwongozo tu, tunajuana. Ile mifupi haina mlezi. Inaishi kwa daftari la mwalimu, na mwalimu akihamishwa inahama naye, na mwalimu akistaafu panya wanapata chakula. Jeraha la Ngũgĩ lililokataliwa Kampala tunaweza kulisoma leo kwa sababu moja tu, kwamba mtu alilichapisha. Hakuna ushujaa mwingine hapo.

Na wacha niseme ukweli wote. Mingi ya hiyo michezo ni mibaya. Nimeketi kwenye viti vya plastiki nikaangalia mwendawazimu mwenye hekima wa ishirini siku hiyo hiyo. Nimeona waigizaji wote wakipanga mstari mwishoni na kutuambia tuungane tuijenge nchi, kana kwamba tulikuja na nyundo. Mwandishi akimaliza mchezo kwa hotuba, ujue hakuuamini mchezo wake. Ubaya huo unatoka kwa kuogopa jaji asipoelewa, na unatoka pia kwa kutosoma michezo ya waliotangulia, kwa sababu haipo ya kusomwa. Kila mwalimu anaanza na karatasi tupu na mto.

Kuna wanaojaribu. Waliofuatilia Too Early for Birds tangu 2017 wanajua vile Ngartia na Abu Sense walichukua historia ya Kenya wakaijaza ukumbi kwa vijana ambao shuleni walikuwa wanalala kwa somo hilo. Brazen ya 2018, iliyowaleta Mekatilili wa Menza na Chelagat Mutai jukwaa moja, kwangu ilikuwa kama michezo mifupi iliyoshonwa pamoja na mshono wenyewe haukuonekana. Lakini tiketi za mjini ni za mjini. Mwanafunzi wa kule Kitui au Busia mchezo wake ni ule wa shule jirani.

Kwa hivyo nimeanza kitu kidogo. Nimewaandikia watu niliosoma nao, na walimu wawili wa zamani, nikiuliza kama kuna mtu ana skripti. Wengi walinicheka. Mmoja alinitumia picha ya tuzo. Mwalimu mmoja alisema yake iliungua na nyumba mwaka 2008, na hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Lakini wiki iliyopita Mtoto, ambaye sasa ni muuguzi na ana mtoto wake, alinitumia picha ya karatasi tatu zilizokunjwa mara nyingi mpaka zinakatika. Ni mwisho wa ule mchezo wa kisima. Mstari wake umepigwa kalamu nyekundu mara mbili. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mwalimu wetu wa drama, ambaye siku zote tulidhani alinyamaza tu mstari ulipofutwa, kuna maneno mawili: "Geuza mtungi."